Kisu kimejificha nyuma ya lawalawa

Ndugu Mhariri,

Kila Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, magazeti yetu hukimbilia Tarime. Picha ni zilezile: wasichana waliokimbilia nyumba salama, mabinti waliovikwa khanga wakisindikizwa na umati, mkuu wa wilaya akitoa onyo. Habari hizo zinastahili kuandikwa. Lakini zimemzoesha msomaji kuamini kwamba ukeketaji una msimu, una ngoma, na unamhusu binti wa miaka 12 anayejua kinachomsubiri. Huku Singida na Dodoma mara nyingi hakuna msimu wala ngoma. Anayekatwa ana wiki sita, pengine miezi mitatu, na nyumbani kwao hakuna anayeliita tendo hilo ukeketaji. Linaitwa kutibu lawalawa.

Ombi letu ni kwamba imani hii iandikwe kama ilivyo, yaani imani juu ya ugonjwa, na ijibiwe kama ugonjwa unavyojibiwa.

Tuanze na tofauti, maana ndipo kampeni nyingi zinapojikwaa. Kwa Wakurya wa Tarime kisu kinahusu cheo. Msichana ambaye hajakeketwa anaitwa msagane, na jina hilo ni tusi linaloweza kumfuata mtu mpaka kwenye ndoa. Waliokatwa msimu mmoja ni rika moja. Wazee wa mila, inchama, ndio wanaosoma dalili na kuamua ukoo gani uanze na upi usubiri. Baba anahesabu ng'ombe wa mahari. Kwa Wamaasai nako kisu ni mlango wa kutoka utotoni kuingia kwenye ndoa. Kwa jamii za namna hiyo yapo majibu yenye mantiki: unyago usio na kisu, makambi ya likizo ya Desemba, wazee kutamka hadharani kwamba binti asiyekatwa anaolewa na mahari yake haipungui.

Majibu hayo ukiyaleta kwa bibi wa Singida vijijini yanakosa pa kukaa. Mtoto wa wiki sita hana rika na hakuna anayejadili mahari yake. Utamweleza bibi huyo haki ya binti kuchagua mume, atakusikiliza kwa adabu, atakupa na maji ya kunywa, kisha ataingia ndani kumkata mjukuu kwa sababu anamwona anaumwa.

Lawalawa ni nini basi? Ni jina moja lililobebeshwa mambo mengi: mtoto kulia anapokojoa, kujikuna, wekundu na vipele sehemu za siri, ute, harufu, homa isiyoeleweka. Imani inayolizunguka ina ngazi mbili. Ya juu inasema mizimu imekasirika kwa sababu mila imeachwa. Ya chini inasema kile kinyama kinachokatwa, yaani kinembe, ndicho makazi ya ugonjwa, na kikibaki kitaoza au kitaendelea kukua. Simulizi inayorudiwa katika mikoa hii miwili ni kwamba ugonjwa ulienea miaka ya mwanzo ya 1970, baada ya serikali kuanza kuipiga vita mila hiyo. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huiona kama hila ya wazee. Sisi hatuioni hivyo. Miaka hiyo ndiyo ya Operesheni Dodoma na kuhamia vijijini: kaya nyingi zilikusanywa mahali pamoja, na maji ni yaleyale ya msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Palipo na watu wengi na ndoo chache, magonjwa ya ngozi na ya njia ya mkojo kwa watoto hayashangazi. Huenda wazee waliona kitu cha kweli, wakakosea kutaja chanzo chake.

Sasa tuufungue mzigo huo wenye jina moja.

Wiki ya kwanza baada ya kuzaliwa, mtoto wa kike huwa na midomo ya uke iliyovimba na kinembe kinachoonekana kikubwa, na anaweza kutoa ute mweupe, hata matone ya damu. Ni homoni za mama zilizovuka kondo la nyuma, na hali hiyo huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Hakuna cha kutibu. Lakini ndiyo wiki ambayo bibi mzaa baba yupo nyumbani akimuogesha mzazi na mtoto, na anachokiona kinafanana kabisa na alichoambiwa: kimevimba, kinakua, kinatoa uchafu. Visa vingi huanzia hapa, na maneno mawili ya mkunga siku ya kumruhusu mama kurudi nyumbani yangetosha kuvizuia.

Linafuata tatizo la nepi. Mkojo ukikaa kwenye kitambaa kwa saa nyingi ngozi huungua, hasa sehemu zilizojitokeza, huku mikunjo ya mapaja ikibaki salama. Ikiwa wekundu umeingia ndani ya mikunjo, unang'aa, na pembeni kuna vipele vidogo vilivyotawanyika, hao ni fangasi. Wa kwanza anahitaji ukavu na mafuta ya mgando. Wa pili anahitaji krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 au nistatini, mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 14, na mama asiache siku ya tatu wekundu unapofifia, kwa sababu fangasi hurudi. Ikirudi ndipo majirani husema, si tuliwaambia dawa ya hospitali haiwezi lawalawa?

Homa ni jambo jingine. Mtoto mwenye homa isiyo na kikohozi wala kuhara, anayetapika, anayekataa kunyonya, ambaye mkojo wake unanuka na analia anapoutoa, achukuliwe kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo mpaka kipimo kikanushe. Chanzo kikubwa ni vijidudu vya kwenye kinyesi kuingia kwenye njia fupi ya mkojo. Aliye chini ya miezi mitatu na joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe siku hiyohiyo. Mkojo wa mtoto mchanga unapatikana bila mashine: msafishe kwa maji, mshike juu ya kibakuli safi, mgonge taratibu kwa vidole viwili chini ya kitovu, usubiri. Dawa ni ya kumeza au ya sindano kwa maelekezo ya mhudumu, na siku zote za dozi zimalizwe. Tena katika miezi mitatu ya mwanzo ya maisha, watoto wa kiume ndio wanaougua zaidi njia ya mkojo kuliko wa kike. Kama kinembe ndicho kinacholeta ugonjwa, hawa wa kiume wanaupata wapi?

Kwa msichana aliyevuka mwaka na anayejikuna usiku, fikiria minyoo wembamba wanaotoka kutaga kwenye njia ya haja kubwa: albendazoli miligramu 200 kwa wa mwaka mmoja, 400 kuanzia miaka miwili, irudiwe baada ya wiki mbili, na wote wanaolala naye wanywe. Nyumba nzima ikijikuna, mpaka kwenye vidole na viganja, huo ni upele, na kumtibu mmoja ni kazi bure.

Kisha kuna jambo linalowatisha hata baadhi ya wahudumu. Kati ya miezi mitatu na miaka mitatu, midomo ya ndani ya uke inaweza kushikana kwa utando mwembamba kiasi kwamba mtoto anaonekana "ameziba". Mara nyingi hufunguka yenyewe mwili unapokua. Akishindwa kukojoa vizuri, daktari ana krimu ya homoni. Kamwe asichanwe kwa kidole, kwa sababu kidonda hicho hushikana upya, safari hii kwa kovu.

La mwisho ni zito zaidi, nalo halisemwi. Msichana mdogo anayetoa usaha anaweza kuwa ameambukizwa gono, na hapo kwanza kabisa iulizwe kama amefanyiwa ukatili wa kingono. Jina la lawalawa likishatamkwa, swali hilo haliulizwi tena. Mtoto anakatwa, na aliyemtenda anaendelea kuishi nyumba ileile.

Wasomaji watauliza: kama kukata hakutibu, mbona mama anaapa kwamba mwanawe alipona? Kwa sababu kweli alipona. Wekundu wa nepi, uvimbe wa homoni, hata fangasi hafifu, vingi hutulia ndani ya siku chache hadi wiki mbili, ukikata au usipokata. Halafu baada ya kukatwa, kwa mara ya kwanza mtoto anapata uangalizi ambao hakuwa nao: anaoshwa kwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, anaachwa bila nepi ili kidonda kikauke, bibi anakaa naye siku nzima. Maji na hewa vimetibu, sifa zikaenda kwa kisu. Asipopona, inasemwa amekatwa akiwa amechelewa, au hakukatwa vya kutosha. Akifa, ni lawalawa iliyomuua. Imani iliyojengwa hivi haishindwi na kisa chochote, na ndiyo maana kumwita bibi mjinga hakusaidii. Bibi ana ushahidi. Kasoro ni kwamba ushahidi wake haujawahi kulinganishwa na wa mtoto aliyeoshwa tu.

Upande wa madhara tutaje kiasi kimoja ambacho kila mzazi anaweza kukipima jikoni. Mtoto mchanga ana damu kiasi cha mililita 80 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo tatu ana mililita 240, hazijai chupa ya soda. Mililita 50 ni vijiko vya chakula vitatu na kidogo, nazo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya damu yake yote. Kwa mtu mzima hizo si kitu. Kwa mchanga ni mshtuko na pengine mwisho. Mshipa wa damu wa kinembe hupita juu yake kabisa, na kwenye kiungo chenye ukubwa wa punje hakuna mkono unaoweza kuukwepa, uwe na wembe au na ukucha uliofugwa kwa kazi hiyo. Ukucha una ubaya wake wa ziada: haukati, unaponda na kuchana, na chini yake kuna uchafu usiotoka kwa kunawa. Mama ambaye hakuchanjwa pepopunda hana kinga ya kumwachia mtoto wake.

Anayepona anabaki na kovu. Midomo iliyochubuliwa pande zote mbili hushikana, mkojo unabaki nyuma ya utando, vijidudu vinapata kidimbwi. Anarudi kulia anapokojoa. Yaani kisu kinaitengeneza lawalawa ileile kilichoitwa kuitibu. Miaka 20 baadaye kovu hilo halitanuki mtoto anapotoka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2006, uliofuata wanawake 28,393 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuta vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku chache baadaye vimezidi kwa asilimia 15 kwa mama aliyekatwa kwa aina ya kwanza (kinembe), 32 kwa aina ya pili (kinembe na midomo ya ndani) na 55 kwa aina ya tatu (njia kuzibwa kwa kushonwa), ukilinganisha na mama ambaye hakukatwa. Ukeketaji mwingi wa mikoa yetu ni wa aina ya kwanza na ya pili, ile inayosifiwa kuwa "kidogo tu".

Sheria ipo. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa 1998, kinatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na fidia. Kinamlinda aliye chini ya miaka 18 pekee, tofauti na sheria ya Kenya ya 2011 inayomlinda mwanamke wa umri wowote. Hatuipingi. Lakini ni vema kusema wazi kilichotokea baada yake: binti wa miaka 12 anaweza kukimbilia polisi, au kumwambia mwalimu. Mchanga hana mdomo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16, takribani theluthi moja ya wanawake waliokeketwa walisema walikatwa kabla ya kutimiza mwaka. Imani ya lawalawa na hofu ya mahabusu zimesukuma upande mmoja: kumkata mtoto akiwa bado mchanga.

Meru ya Kenya ilishaonyesha hatari ya kupiga marufuku kitu ambacho hujakielewa. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa msukumo wa wakoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Kwa kuwa kule kisu ndicho kilichomfanya msichana awe mtu mzima, wasichana wenyewe walinunua nyembe wakakatana wao kwa wao vichakani. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata wasichana, wanawake na wanaume zaidi ya 2,400 walishtakiwa.

Takwimu nazo zisomwe kwa uangalifu. Kitaifa tumeshuka kutoka asilimia 18 mwaka 1996 hadi 10 mwaka 2015/16 na 8 mwaka 2022. Mwaka 2015/16 Manyara ilikuwa na asilimia 58, Dodoma 47, Arusha 41, Mara 32, Singida 31. Lakini tarakimu hizi hutokana na kuwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 kuhusu miili yao. Mtoto aliyekatwa mwezi uliopita ataingia kwenye hesabu baada ya miaka 15, na akiulizwa huenda akajibu hapana kwa uaminifu mtupu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Kwa hiyo magazeti yakiandika "ukeketaji wapungua Singida", yaongeze ni upi unaopungua.

Tiba ya imani hii ipo kliniki, na ratiba yake imeshapangwa. Mtoto huletwa kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18. Siku hizo mhudumu amwombe mama amfungue nepi, wamtazame mtoto pamoja, na amwonyeshe kwa kidole: hiki ni kinembe, kila msichana anazaliwa nacho, hakirefuki kikafika popote. Wengi hawajawahi kuonyeshwa.

Na swali liulizwe kwa lugha ya mama. Ukimuuliza "mtoto amekeketwa?" atajibu hapana, na kwa ufahamu wake hajadanganya. Uliza hivi: amewahi kuugua lawalawa? Nani aliiona? Mlimtibu wapi, kwa namna gani? Mwalike bibi mzaa baba aje naye mara moja, kwa sababu mkwe kijana hana sauti ya kumkatalia mama mkwe, ila mama mkwe akisikia kwa masikio yake, tena akiheshimiwa, atakuwa na la kusema mbele ya wenzake. Kosa kubwa hapa ni kugeuza ukaguzi kuwa upelelezi. Siku mama wa kwanza atakapotolewa kliniki na askari mbele ya foleni, wengine wataacha kuleta watoto, na tutakuwa tumeongeza surua juu ya kisu. Mtoto aliyekwisha kukatwa atibiwe kwanza, na taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii kwa utaratibu wake. Mkazo mkubwa uwe kwa yule ambaye hajakatwa.

Nyumbani, maelekezo yawe yanayowezekana kwa kaya yenye ndoo moja. Vikombe viwili vya maji safi vinatosha kumsafisha mtoto: mama anawe mikono kwanza, apanguse kutoka mbele kwenda nyuma, asirudishe kitambaa mbele. Chumvi, magadi, sabuni ya unga, poda na majani yaliyosagwa visikaribie. Nepi ya kitambaa isuuzwe mpaka povu liishe, maana masalia ya sabuni nayo yanaunguza ngozi, kisha ianikwe juani. Mara tatu kwa siku mtoto alazwe bila nepi kwa dakika kumi. Hayo ndiyo aliyofanyiwa mtoto "aliyeponywa" na kisu, tumeondoa kisu tu.

Kwenu wahariri, acheni kuandika kwamba lawalawa ni ugonjwa wa kufikirika. Mama aliyekesha na mtoto anayelia akisoma hivyo, au akisomewa redioni, anajua mwandishi hajui anachosema, na hatasikiliza sentensi inayofuata. Andikeni kwamba ni kweli mtoto anaumwa, na kwamba ugonjwa wake una jina na dawa.

Na mtuulizie wenye mamlaka swali moja ambalo halihitaji semina wala fulana zenye maandishi: zahanati zipi za Singida na Dodoma zina klotrimazoli, nistatini na vijiti vya kupimia mkojo kwenye rafu leo? Huduma kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure kwa sera, lakini rafu ikiwa tupu mama anaandikiwa karatasi akanunue duka la dawa muhimu, ambalo pengine liko kijiji cha pili na hela iko kwa mume. Tubu ndogo ya krimu ikikosekana Jumatatu, kufikia Jumatano ngariba ameshapita.

Wenu,
Wakunga na wauguzi wastaafu,
Singida